Kukariri, Kuhifadhi na Kukumbuka: Ubongo wa Mwanafunzi na Kazi ya Mwalimu wa Lugha

Kiswahili kina vitenzi kadha ambavyo sisi walimu huvitumia kana kwamba ni kimoja. Mwanafunzi huambiwa akariri, ahifadhi, adurusu, akumbuke. Nasi huridhika kwamba kazi iliyotajwa ni ile ile kwa majina manne. Tukivitazama vyema tutaona kuwa sivyo. Kukariri, neno tulilolipata katika Kiarabu, asili yake ni kurudia jambo tena na tena. Kuhifadhi ni kuweka kitu mahali kisipotee. Kudurusu ni kurejea yaliyoandikwa na kuyapitia. Ama kukumbuka ni kukirudisha mbele ya akili kitu ambacho hakipo tena machoni. Mtu aweza kukariri na kudurusu mchana kutwa pasipo kuhifadhi chochote. Na utafiti wa zaidi ya karne moja wabainisha kwamba, kati ya vitendo hivi, kukumbuka ndiko kunakomfaa zaidi anayetaka kuhifadhi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa ufupi na kwa lugha ya kawaida, baadhi ya mambo yanayojulikana juu ya namna ubongo unavyojifunza, na kuyahusisha na ufundishaji wa Kiswahili. Jambo hili latuhusu sisi wa vyuo vikuu kwa namna ya pekee. Walimu wa shule za sekondari hutoka mikononi mwetu, na aghalabu mtu hufundisha vile alivyofundishwa. Iwapo mhadhiri husoma madokezo yake kwa sauti huku wanafunzi wakinakili, asistaajabu kumkuta mwanafunzi wake, miaka mitano baadaye, akifanya vivyo hivyo mbele ya watoto wa kidato cha kwanza. Mwandishi wa makala haya amefanya hivyo kwa miaka kadha, na kwa nia njema kabisa.

Kuhusu istilahi, tumetumia maneno ya kawaida kila yalipotosha, na kutohoa pale ambapo Kiswahili hakijapata neno lililozoeleka.

Ubongo na mabadiliko yake

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa kama kilo 1.3 hadi 1.4, yaani asilimia 2 hivi ya uzani wa mwili. Lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli huwasiliana na nyingine nyingi mno, mara nyingi maelfu, katika vituo viitwavyo sinapsi. Katika sinapsi nyingi seli mbili hazigusani. Baina yao pana mwanya mdogo sana, na habari huuvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali inayotolewa na seli moja na kupokewa na nyingine.

Kujifunza, kwa upande wa ubongo, ni kubadilika kwa viungo hivi. Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alitoa rai kwamba seli moja inaposhiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, kiungo kilicho baina yao huimarika. Wakati huo rai hiyo ilikuwa nadharia tupu. Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya Oslo juu ya ubongo wa sungura, wakaonyesha kuwa sinapsi zilizochochewa kwa nguvu kwa muda mfupi hubaki zikiwa imara kwa saa nyingi. Naye Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alimchunguza konokono wa baharini, mnyama duni mwenye seli chache na kubwa. Kandel na wenzake walibainisha tofauti ambayo kila mwalimu yafaa aijue. Kumbukumbu ya muda mfupi hutokana na kuimarika kwa viungo ambavyo tayari vipo. Kumbukumbu ya muda mrefu yahitaji zaidi ya hapo: sharti jeni ndani ya seli ziamshwe, protini mpya ziundwe, na hata sinapsi mpya ziote. Kazi hiyo huchukua saa na siku. Hata kwa konokono huyo, mafunzo yaliyogawanywa yakawa na vipindi vya mapumziko katikati yalidumu kuliko yale yaliyorundikwa pamoja.

Hapa twapata maelezo ya jambo linalotatanisha wengi. Mwanafunzi huelewa somo barabara siku ya Jumatatu, hujibu kila swali, nawe hutoka darasani umefurahi. Jumatatu ifuatayo humkuti na lolote. Si lazima awe mvivu. Alichokuwa nacho kilikuwa kile cha muda mfupi, na hakuna lililotendeka tangu hapo la kukigeuza kuwa cha kudumu.

Mtu asiyeweza kuhifadhi

Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani wa miaka 27, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville huko Connecticut ili apunguziwe kifafa kilichokuwa kimemlemea. Daktari alimwondolea, pande zote mbili za ubongo, sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi pamoja na sehemu zinazokizunguka. Jina hilo ni la Kiyunani, nalo lamtaja yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa mithili ya farasi, kwa kuwa umbo lake lafanana naye. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 Henry hakuweza kuhifadhi mambo mapya kama watu wengine wanavyohifadhi. Aliyakumbuka mambo mengi ya utotoni, alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu. Ila mtu akizungumza naye, akatoka na kurudi baada ya dakika chache, alipokewa kama mgeni.

Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alimpa kazi ya kuchora mstari kuifuata nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hii humsumbua kila mtu mwanzoni, kwa maana kioo hugeuza mambo. Henry aliifanya kwa siku tatu, na kila siku alifanya makosa machache kuliko jana yake. Hata hivyo, hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya. Mkono ulijifunza, mwenyewe asijue.

Kutokana na kisa hiki wataalamu walikubali kwamba kumbukumbu si ghala moja. Ipo ya kueleza, yaani ya mambo na matukio tunayoweza kuyataja. Hii huitegemea hipokampasi ili ihifadhike. Ipo pia ya kutenda, yaani ya stadi na mazoea. Hii huhusisha sehemu nyingine, hasa mafungu ya seli yaliyo chini ya gome la ubongo na ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Ya kwanza yaweza kuingia kwa mara moja. Ya pili huingia polepole, kwa kutenda.

Mwalimu wa sarufi akitafakari hapo ataona jambo analolikabili kila wiki. Mtoto wa Lamu asiyejua kusoma atasema "viatu vyangu vimepotea" pasipo kujua kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyelelewa katika lugha nyingine ataorodhesha ngeli zote kwa mpangilio, A-WA, KI-VI, LI-YA, akapata alama zote, kisha akitoka nje atamwambia mwenzake "viatu zangu zimepotea." Tumezoea kumwita huyu wa pili mzembe. Ukweli ni kwamba tumempa elimu ya aina moja na kumdai ya aina nyingine. Orodha ya ngeli ni mambo ya kueleza; upatanisho wa kisarufi katika usemi ni stadi. Mwanaisimu Michael Ullman amependekeza kwamba katika lugha ya kwanza msamiati huitegemea zaidi kumbukumbu ya kueleza, na sarufi ile ya kutenda. Rai hiyo ina wapinzani, na mpaka wenyewe hauwezi kuwa mkali kiasi hicho. Kwa mwalimu, hata hivyo, funzo moja halina ubishi: kuitaja kanuni mara mia hakumpi mtu wepesi wa kuitumia.

Hapa pia ndipo panapoonekana mipaka ya kumbukumbu ya kazi, yaani ule uwanja mdogo ambamo akili hushika mambo inayoyashughulikia kwa wakati mmoja, na ambao huitegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji. George Miller mwaka 1956 alikadiria kwamba uwanja huu hubeba vitu kama saba; Nelson Cowan, mwaka 2001, alivishusha vikawa kama vinne. Tuchukue sentensi "Viti vyangu vizuri vilivyovunjika vimetengenezwa." Kiambishi cha ngeli kimetokea mara sita. Kwa mzawa wa lugha, upatanisho wote huo haumgharimu kitu, hujiendea. Kwa mgeni kila kiambishi ni uamuzi wa pekee, na uwanja hujaa kabla hajafika kwenye kitenzi kikuu. Halafu sisi humtaka, katika insha hiyo hiyo, azingatie hoja, mtiririko, tahajia na methali mbili.

Kukumbuka ndiko kuhifadhi

Turudi kwenye vitenzi vyetu. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima baada ya muda amebakiwa na kiasi gani. Aliona kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, katika saa za kwanza, kisha hupunguza mwendo. Aliona pia kwamba kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 mfululizo. Jambo hili limethibitishwa mara nyingi mno tangu hapo, kwa watoto na kwa wazee, kwa msamiati na kwa hesabu. Hata hivyo ratiba zetu bado humaliza mada nzima kwa wiki mbili na kuiaga.

La pili ni geni zaidi masikioni mwetu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilikisoma kifungu katika vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu lilifunika karatasi na kuandika yote liliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, na wale wengine asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, waliojikumbusha walibaki na asilimia 61. Nao waliorudia kusoma ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Kusoma tena huleta wepesi, na wepesi huo humdanganya msomaji adhani kwamba amehifadhi.

Kwa nini kukumbuka kuwe na nguvu hiyo? Maelezo hayajakamilika. Lililo wazi ni kwamba kumbukumbu haitolewi kama kitabu kabatini kisha ikarudishwa kama ilivyokuwa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake wa New York walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba kumbukumbu iliyoamshwa hulegea kwa muda na huhitaji kujengwa upya ili idumu. Kukumbuka basi ni kutenda jambo juu ya kumbukumbu yenyewe. Ndiyo maana pia haifai mwanafunzi akumbuke vibaya akaachwa hivyo. Sahihisho linalofuata upesi lina thamani kuliko wino mwekundu unaorudi baada ya wiki tatu.

Wasomaji wa pwani watasema kwamba haya si mageni, nao wana haki. Katika vyuo vya Kurani zamani mtoto aliandikiwa sehemu yake juu ya ubao, akaisoma kwa sauti pamoja na wenzake, na kelele zile ndizo wapita njia walizozisikia, wakahukumu kwamba pale hapana ila kukariri. Lakini kipimo cha chuo hakikuwa zile kelele. Kipimo kilikuwa pale mtoto alipomjongelea mwalimu peke yake, macho yakiwa mbali na ubao, akasoma kwa ghaibu. Asipoweza, hakupewa sehemu mpya. Tena sehemu za nyuma hazikuachwa, zilirejewa. Neno lenyewe latosha: ghaibu ni kile kisichokuwapo machoni. Kusoma kwa ghaibu ni kusoma kisichokuwepo, na hakuna fasili ya kukumbuka iliyo bora kuliko hiyo. Shule ilipokuja iliichukua ile sauti ya pamoja, ikamwacha yule mtoto aliyesimama peke yake mbele ya mwalimu. Kwa maoni yangu tulichukua ganda tukatupa kokwa. Sisemi kwamba kuhifadhi maneno pasipo kuyaelewa kwatosha katika somo la lugha. Nasema njia ya kuhifadhi ilikuwa sahihi, hata pale ambapo maana iliahirishwa.

Tazama pia kitenzi kukumbusha. Mwalimu mwema huanza kipindi kwa kusema, "Nawakumbusha kwamba jana tulisoma sifa za utenzi, nazo ni hizi." Hapo ni nani aliyekumbuka? Mwalimu. Wanafunzi wamesikia tu kwa mara ya pili. Angefunga kitabu akauliza, "Jana tulisema nini juu ya utenzi? Andikeni," kisha akanyamaza kwa dakika tatu, kazi ingefanywa na wale wanaostahili kuifanya. Dakika tatu za kimya ni nzito kwa mwalimu aliyezoea kusema. Nimezijaribu, ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote.

Usingizi na hofu

Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za hipokampasi ya panya zilizofanya kazi pamoja mchana, panya alipokuwa akitembea, ziliamka pamoja tena alipolala. Wataalamu wengi huona hapo dalili ya namna ambavyo mambo ya mchana huimarishwa usiku. Vijana wa umri wa sekondari huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Shule za bweni ambako kengele ya masomo ya alfajiri hulia saa kumi, na taa za jioni huzimwa saa nne au tano, huwapa wanafunzi wake saa tano au sita. Kisha hushangaa kwamba hawashiki.

Kuhusu hofu nitasema machache. Kiungo kidogo kiitwacho amigdala, jirani ya hipokampasi, hushughulika na mambo ya kutisha, na kumbukumbu zake hudumu sana. Hofu hufundisha basi. Suala ni kwamba hufundisha nini. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto waliokamatwa wakisema Kikuyu shuleni walivyoadhibiwa na kuvishwa alama ya aibu. Adhabu za namna hiyo hazikuisha na ukoloni, na mahali pengine Kiswahili chenyewe kilikuwa miongoni mwa lugha zilizoadhibiwa. Walichojifunza wengi hapo ni kunyamaza. Na anayenyamaza hakosei, ila pia hatendi, na tumekwisha kuona kwamba stadi ya usemi huingia kwa kutenda.

Mipaka ya elimu hii

Yafaa tujihadhari. Mwaka 1997 John Bruer wa Marekani aliwaonya walimu kwamba kutoka katika sinapsi kwenda moja kwa moja darasani ni kujenga daraja refu mno. Ushahidi wa kutosha juu ya kukumbuka na kugawanya mafunzo umetoka kwa wanasaikolojia waliopima wanafunzi. Elimu ya ubongo hutupa sababu, si ratiba. Walimu huuziwa pia uongo mwingi kwa jina la ubongo. Hakuna ukweli kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, wala kwamba watu wamegawanyika kuwa wa ubongo wa kushoto na wa kulia. Na lile dai kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake, wa macho au wa masikio, na afundishwe kwa huo, lilichunguzwa na Harold Pashler na wenzake mwaka 2008, wasiuone ushahidi wa kutosha kulitetea. Bado limo katika vitabu vya kuandaa walimu.

Suala la mitihani ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nchini Kenya mtihani ulichuja watoto kwa ukali katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Wengi walishangilia, na sababu wanazo. Lakini neno mtihani lilikuwa likibeba mambo mawili: kupima ili kuchuja, na kuuliza ili mtu akumbuke. Naona walimu, na hata wenzetu katika idara, wakiyatupa yote mawili kwa pamoja, kana kwamba umahiri hauhitaji kumbukumbu. Mwanafunzi ambaye hana methali hata ishirini kichwani atachambua nini katika methali? Atafungua kitabu, ataisoma, ataifunga, na kesho atakuwa mgeni wayo.

Wenzangu hunijibu kwamba darasa lina wanafunzi mia mbili, na hakuna awezaye kusahihisha karatasi mia mbili kila wiki. Ni kweli, wala hakuna haja. Katika jaribio la mwaka 2006 karatasi za kujikumbusha hazikurudishwa na alama. Mimi sasa huwapa wanafunzi wangu maswali matatu mwanzoni mwa kila mhadhara: moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la mwanzo wa muhula. Huandika vitabu vikiwa vimefungwa, kisha mimi hutaja majibu nao hujisahihisha wenyewe. Karatasi hubaki kwao. Mwanzoni waliuliza kama zitahesabiwa. Nilipowaambia hapana, wachache waliweka kalamu chini. Wiki ya nne hivi waliacha kuuliza.